Kapteni Alichora Kinyume

Mliosoma juma lililopita mliniacha kwenye kibaraza cha baba wa mchumba wangu, nimeshika karatasi iliyokunjwa mara nne, sijui nimekubaliwa au nimefukuzwa. Msidhani nilikuwa nawaficha. Hata mimi ningependa kununua gazeti nijue.

Kwa waliochelewa, nawafupishia. Mimi ni mchonga vibao, vile vya milangoni: DAKTARI, MHASIBU, USIINGIE BILA KUBISHA. Miezi miwili nyuma nilichonga kibao cha baba mdogo wa mchumba wangu, aliyekuwa amepandishwa cheo. Mashine ikakwama, ikarudia herufi, nami nikakifunga mlangoni bila kukisoma. Kwa siku tatu wageni wa ofisi ile walipokelewa na MKURUGENZI MKUUKUU.

Nikafukuzwa kazi. Nikaona haya kumwambia mchumba. Kila asubuhi nikawa nampigia simu kwamba naingia kazini, kisha naenda kukaa kwenye ukumbi wa benki mpaka jioni, kwa sababu pale pana viti na hewa baridi. Siku ya tisa akaja kubadilisha kadi yake.

"Nimekusamehe mara moja," aliniambia pale pale kwenye foleni. "Ukinificha kitu tena, hata kidogo, usijisumbue kurudi."

Nikaapa. Kiapo hicho kikumbukeni, maana mimi nilikisahau siku mbaya.

Sasa ile karatasi. Baba yake mchumba wangu anaitwa Kapteni. Mtaa mzima humwita hivyo, wakubwa kwa wadogo. Alifanya kazi uwanja wa ndege miaka thelathini na moja, na tangu astaafu alikuwa amenuna kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Kisha akanunua kompyuta na ule mchezo wa kurusha ndege, akafunga usukani kwenye meza ya chakula, na familia ikahamia kula jikoni.

"Kijana," aliniambia siku ile, "unajua kuna nini juu ya kichwa cha rubani?"

"Mbingu, mzee."

Hakucheka.

"Swichi. Hapa mezani nina usukani, nina skrini. Juu ya kichwa changu nina dari na buibui. Nataka ile paneli ya juu. Unaiunganisha na kompyuta kwa waya, ukibonyeza swichi ya taa, taa za ndege zinawaka kwenye skrini. Wenzangu huko mtandaoni wanazo majumbani kwao."

"Inawezekana, mzee."

"Nimeichora kwenye karatasi hiyo kwa kichwa, sikutazama popote. Ichonge kama ilivyo. Usiongeze, usipunguze. Mdogo wangu anasema mtu aliyeshindwa kunakili maneno mawili hafai kukabidhiwa mke. Jumapili baada ya ijayo nitawaita wote hapa waione. Ikiwa sawa, binti ni wako na mimi sitaki kusikia neno la mtu."

"Na isipokuwa sawa?"

"Basi mdogo wangu atakuwa amesema kweli."

Mchumba wangu alinisindikiza hadi kwenye geti. "Tangu astaafu hajaomba kitu kwa mtu," alisema. "Hiki ndicho cha kwanza. Tafadhali, usikosee hata nukta."

Nikamwambia asiwe na shaka. Nina kipaji cha kusema hivyo kabla tu ya mambo kuharibika.

Nilifanyia kazi jikoni kwa dada yangu, ambaye amenihifadhi tangu nifukuzwe. Nilipata mashine ndogo ya kuchongea kwa rafiki, plastiki nzito ya kijivu, na swichi za kupachika. Nikachonga siku tano. INJINI YA KWANZA. INJINI YA PILI. PAMPU ZA MAFUTA. TAA ZA KUTUA. FUNGENI MIKANDA.

Chini ya swichi moja, pembeni, Kapteni alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: kinanasa.

Nikajiambia hiyo ni lugha ya marubani. Kila kazi ina lugha yake. Sisi wachonga vibao tuna maneno ambayo hata polisi hawayajui. Na nilikuwa nimeambiwa nisipunguze. Nikachonga KINANASA, herufi kubwa, safi, ikapendeza kuliko zote.

Dada yangu anafundisha darasa la kwanza. Kwa miaka kumi na miwili watoto wamekuwa wakimwonyesha madaftari kutoka upande wa pili wa meza, kwa hiyo kusoma kitu kikiwa juu chini kwake si kazi. Jioni ya Jumatatu alikaa mbele yangu akimenya viazi, akaitazama kazi yangu, kisha akatazama picha ya paneli halisi niliyokuwa nimeitoa mtandaoni kwa ajili ya kupata rangi.

"Hivi ni vitu viwili tofauti," akasema.

"Usianze, dada."

"Kwenye picha injini ya kwanza iko kushoto. Kwako iko kulia. Kwenye picha taa za kutua ziko mbele, karibu na kioo. Kwako ziko nyuma kabisa."

"Ndivyo alivyochora."

"Lakini huku kwangu ziko sawa."

"Kwako wapi?"

"Huku nilikokaa. Zunguka uone. Asiyesikia la mkuukuu huvunjika guu."

Nikazunguka. Kweli, maandishi yalikuwa kichwa chini, lakini kila swichi ilikuwa imekaa mahali pake kama kwenye picha. Nikarudi upande wangu, zikaharibika. Nikazunguka tena, zikatengemaa.

"Huyu mzee alikuwa anarusha ndege huku ameangalia nyuma?" dada akauliza.

"Labda alikuwa rubani msaidizi."

"Msaidizi naye anaangalia mbele, mdogo wangu. Wote wanaelekea huko huko."

Sikutaka kufikiri, lakini mwili ulifikiri wenyewe. Nilichukua kiti, nikapiga magoti juu yake nikiangalia mgongo wa kiti, nikainua mkono kuelekea dari ili nijue mtu angekaaje akaona swichi kwa mpangilio ule. Mkono ukaanza kuzunguka.

"Unafuta," dada akasema.

"Sifuti."

"Unafuta dari yangu."

Nikashuka kwenye kiti. Dada akaendelea kumenya viazi, na mimi sikula.

Jumanne asubuhi nilikwenda kwa Kapteni, mchumba wangu akiwa kazini. Nilimkuta mezani na usukani wake, akipita juu ya bahari fulani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Nina swali dogo. Hapa umeandika kinanasa. Kinanasa nini?"

"Kitambaa," akajibu haraka, bila kuondoa macho kwenye skrini.

Kisha akayaondoa.

Ndege yake iliendelea kwenda bila mtu, ikaanza kuinama upande. Hakuigusa. Akainuka, akafunga mlango, akarudi kukaa.

"Nilikuwa kapteni wa mpira," akasema. "Timu ya wafagiaji wa uwanja wa ndege. Namba tano mgongoni. Tulifungwa kila mwaka, lakini kapteni nilikuwa mimi."

"Na kwenye ndege, mzee?"

"Nilisafisha. Chumba cha rubani kilikuwa changu peke yangu, wengine hawakuaminiwa. Unapiga magoti kwenye kiti, unageukia nyuma, unafuta ile paneli polepole, swichi moja moja, kwa sababu ukiisogeza moja utaitwa ofisini. Miaka thelathini na moja. Naijua kuliko wao. Wao wanaitazama, mimi nimeishika."

"Sasa huku nyumbani..."

"Huku nyumbani sikudanganya mtu. Mtoto alikuwa na miaka saba. Mama yake alitutoka mwaka ule. Mwalimu akawaambia waandike kuhusu baba zao. Akaandika, baba yangu ni kapteni, anafanya kazi ndani ya ndege. Tafuta uongo hapo, hutaupata. Mwalimu akaisoma mbele ya wazazi, watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga."

"Ungemwambia tu, mzee."

"Lini? Nitajie siku. Usiku ule ule? Alipokuwa wa kwanza darasani? Siku aliyohitimu, amesimama na joho lake, nimwite pembeni nimwambie mwanangu, mimi ni mtu wa ndoo?"

Nilimhurumia mzee yule, na sioni aibu kulisema gazetini.

"Chonga upya," akasema. "Fuata picha, mbele iwe mbele. Ila hicho kimoja, kinanasa, kiache. Hicho ni changu. Na wewe, usimwambie mwanangu."

"Sitamwambia, mzee. Naapa."

Nilifika kituo cha basi ndipo nikakumbuka kiapo cha kwanza. Kwa binti nimeapa sitaficha, kwa baba nimeapa sitasema. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi hakuwa hata amechumbia.

Nilichonga usiku na mchana. Mchumba alinipigia kila siku kuuliza maendeleo. Nikamwambia herufi zinaendelea vizuri, jambo ambalo lilikuwa kweli. Ijumaa nikaipandisha paneli darini pale sebuleni, skrubu nne, waya ukashuka ukutani hadi kwenye kompyuta. Nikabonyeza taa za kutua. Kwenye skrini, taa zikawaka. Kapteni akanishika bega, akaliminya, akatoka nje kujifanya anaangalia mvua. Hapakuwa na mvua.

Jumapili mchana ndugu walijaa. Waliokosa viti walikaa kwenye mikono ya makochi. Kapteni alivaa shati jeupe lililonyooshwa mpaka kola ikawa inasimama yenyewe. Mchumba wangu alikuwa akipita na vinywaji, na kila akipita karibu yangu ananigusa mkono kidogo. Nilikuwa na furaha. Naandika hivyo ili mjue ilikuwepo.

Baba mdogo aliingia mwisho. Hakuja peke yake. Alikuwa na mwanamke mfupi mwenye ndala na begi mgongoni, aliyesalimia watu wote mmoja mmoja.

"Huyu ni mpangaji wangu," baba mdogo akatangaza. "Ni rubani. Wa kweli."

Hayo maneno mawili ya mwisho aliyatamka kwa utulivu mkubwa.

"Kaka yangu amerusha ndege miaka thelathini na moja," akaendelea, "na mimi, ndugu yake wa tumbo moja, sijapata hata tiketi moja ya bure. Nikasema leo nimletee mwenzake, wapate kuzungumza ya kazi."

Ndugu wakacheka. Kapteni hakucheka. Akakaa kwenye kiti chake, akashika usukani, akaondoka ardhini vizuri kabisa, maana usukani alikuwa ameufanyia mazoezi. Spika zikanguruma. Ndugu wakapiga makofi ndege ilipopenya mawingu.

"Sasa taa za kutua zizimwe," akasema mtu mmoja aliyekuwa amesoma hivyo mahali fulani.

Kapteni akainua mkono bila kutazama. Mkono ule ulikuwa umekwenda njia yake miaka thelathini na moja, na mimi nilikuwa nimeihamisha njia. Akashika pale taa zilipokuwa zamani. Akazima injini ya kwanza. Akahisi kuna kosa, akaharakisha kulirekebisha, akazima ya pili.

Kelele ikakatika. Tukabaki juu ya mawingu, kimya.

"Tumefika?" shangazi mmoja akauliza.

"Samahani, mzee, niruhusu." Rubani aliinama juu ya bega lake, akapandisha swichi, injini zikarudi moja baada ya nyingine. "Hata sisi hututokea, ukizoea ndege nyingine," akasema kwa upole. Kisha akaitazama paneli. "Lakini hii kazi ni safi! Nani kaitengeneza?"

"Mimi," nikasema.

Baba mdogo alitazama dirishani.

Rubani akawa anasoma kwa sauti, kidole kikipita. "Pampu. Mikanda. Taa. Kina... kinanasa?" Akaangua kicheko. "Jamani, ni kweli! Hata kwenye ndege yetu hicho kinanasa, kila siku kinachana vitambaa vya wale wanaosafi..."

Akanyamaza. Akamgeukia mzee, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Kapteni?" akasema. "Kapteni, ni wewe!"

Sebule ililipuka. Rubani wa kweli, wa ndala na begi, amemwita Kapteni kwa kinywa chake! Shangazi akapiga vigelegele. Mimi nikashusha pumzi. Rubani naye akamshika mzee mikono miwili, akaanza kusema, "Nilipokuwa mwanafunzi, huyu mzee ndiye..." halafu akaliona shati jeupe, akawaona ndugu, akaniona mimi nyuma yao nikitikisa kichwa kama mtu mwenye degedege. Marubani hufundishwa kusoma hali ya hewa haraka. Akafunga mdomo.

Ila baba mdogo hakufunga wa kwake.

"Kwa hiyo mliruka pamoja?"

"Tulikuwa kwenye ndege moja mara nyingi sana," rubani akasema.

"Sijauliza hilo. Nimeuliza, mliruka pamoja?"

Rubani akatazama ndala zake. Vigelegele vikaisha. Watu walianza kumwangalia mzee, na mzee aliangalia usukani.

Hapo mchumba wangu akaweka sinia chini.

"Baba Mdogo, unamsumbua mgeni bure," akasema. "Muulize fundi. Amekaa na baba wiki mbili juu ya kazi hii, kama kuna kitu angekijua. Na huyu hajui kudanganya, nyote mnafahamu, siku tisa tu nilimkamata." Akanigeukia, macho yake hayapepesi. "Sema mbele yao, tuyamalize. Baba yangu alirusha ndege, au hakurusha?"

Ndugu wasomaji, nilidhani ule ndio mtihani wangu. Nilikumbuka foleni ya benki. Hata kidogo, alisema. Nikamtazama mzee, nikamwomba msamaha moyoni, nikamchagua binti yake.

"Hakurusha," nikasema. "Alikuwa akisafisha."

Baba mdogo akakaa taratibu. Nilitegemea acheke. Hakucheka, na nilipomwangalia vizuri nikaona kwamba hata yeye alikuwa ametamani jibu lingine.

"Ulijua lini?" mchumba wangu akaniuliza.

"Jumanne."

"Mimi nimejua tangu darasa la sita."

Mzee akainua kichwa.

"Shule ilitupeleka uwanja wa ndege," akasema, na sasa alikuwa anasema na baba yake, si na mimi. "Tulikuwa dirishani, darasa zima. Ukashuka ngazi za nyuma, una ovaroli na ndoo mbili. Nikapiga kelele, 'Ndege ile!' nikaelekeza kidole upande mwingine. Wote wakageuka. Hakuna aliyekuona, baba. Ni mimi tu."

"Sasa kwa nini uliniuliza?" nikasema.

"Ili useme ndiyo!" Alikuwa analia. "Rubani alikuwa mgeni, mimi ni mtoto wake, nani angetuamini? Wewe ndiye wangekuamini! Neno moja tu, tungekula, wangekwenda kwao."

"Uliniambia nisikufiche."

"Nilisema usinifiche mimi. Sikukwambia umvue nguo baba yangu mbele za watu."

Akaivua pete niliyomvisha. Hakunipa, hakuitupa. Aliifumba kiganjani akabaki ameishika.

Kapteni alikuwa bado anamtazama binti yake. "Darasa la sita," akasema. "Ndipo ulipoanza kuninyooshea shati jeupe, kila wageni wakija."

Akaitikia kwa kichwa.

"Na mimi nilidhani unajivunia..." Hakumaliza. Alifuta uso kwa kiganja, akainuka, na nilivyomwona siku ile alikuwa mrefu kuliko nilivyomjua. "Nendeni nyumbani, ndugu zangu. Asanteni kwa kuja. Nataka kukaa na familia yangu."

Wakatoka kimyakimya, viatu mkononi. Baba mdogo alimgusa kaka yake bega bila neno. Rubani alikuwa wa mwisho. Aliniambia pole, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuona ajali. Tukabaki watatu. Kwenye skrini ndege ilikuwa ikienda peke yake.

"Fundi," Kapteni akasema, bila kunitazama, "funga mlango."

Nikaenda, nikashika kitasa. Hakuwa amesema niufunge nikiwa upande gani. Nikamtazama mchumba wangu anisaidie, naye alikuwa ameinamia kiganja chake kilichofumbwa, na hakuinua macho.